Maji Mafu, Daktari

Mimi ni mwana wa Ganda, kijiji cha nje kidogo ya Malindi, na nina diploma ya mitambo ya maji. Nayataja yote mawili kwa mkupuo mmoja kwa sababu wenzangu wengi hulitaja la pili na kulimeza la kwanza. Nilisomea Mombasa, maana wakati wa ujana wangu mtu wa huku kwetu aliyetaka kusoma zaidi ya sekondari ilimbidi ahame. Sikuwa na mjomba ofisini wala shangazi Nairobi. Nilipomaliza nikaenda Ghuba, nikaajiriwa kwenye kiwanda kinachogeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, nikapanda kutoka msafisha chujio hadi msimamizi wa pampu. Waarabu waliniita muhandis. Niliporudi nilijenga nyumba ya ghorofa Malindi, ukipita njia ya Ganda huwezi kuikosa, na uani nikafungua karakana. Wanaosema najisikia wana haki ya kusema. Mimi nami nina haki ya kujisikia.

Lakini kilichonishangaza niliporudi hakikuwa mahoteli. Kilikuwa chuo kikuu cha umma pale Kilifi. Nilikiacha mahali pa mikorosho na majengo machache yenye mabati ya kutu. Nikakikuta na mabweni ya ghorofa, maktaba yenye vioo, mabasi yake barabarani, na tawi dogo Malindi mjini kwa wanaosoma jioni. Asubuhi ukipita Gede uliwaona wasichana waliotoka Jilore na Mambrui wamesimama kando ya njia, makoti meupe ya maabara yamekunjwa mkononi vile mama zao wanavyokunja leso. Kilifi wenye nyumba walikuwa wamepaka rangi hata stoo za kuku ili wapangishe wanafunzi. Mimi niliyebeba begi langu hadi ng'ambo kutafuta elimu na kazi, nilisimama mbele ya lango lile siku ya kwanza nikaona wivu. Wivu mzuri, lakini wivu.

Makamu mkuu wa chuo alikuwa na maneno yake aliyoyarudia kila mkutano: bahari iingie darasani. Ndilo lililokuwa lengo kuu la chuo. Wakajenga ukumbi wa viumbe wa baharini, wakaanzisha shahada ya ufugaji wa samaki wa maji ya chumvi, kisha wakatafuta mtu wa pampu za maji ya bahari. Kwa pwani ile yote, mtu huyo nilikuwa mimi. Nikaajiriwa kuwa fundi mkuu wa ukumbi. Na katika darasa la kwanza kabisa la shahada ile alikuwamo binti yangu.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa imening'inia. Shahada ile ilikuwa na kibali cha muda tu. Ilikuwa ije tume ya kukagua kozi, ione ukumbi ukifanya kazi, samaki hai ndani ya maji hai ya bahari. Tume ikikubali, darasa la binti yangu lingehitimu. Ikikataa, wangehamishiwa biolojia ya kawaida na kurudishwa mwaka wa pili, na kozi ingefungwa. Binti yangu alikuwa mwaka wa nne. Alikuwa amelea vifaranga vya samaki aina ya mwatiko kutoka ukubwa wa kijiti cha kiberiti hadi urefu wa kiganja, akiwapima na kuwalisha kama watoto wa kuwazaa.

Sasa nieleze kidogo kwa wasiokulia pwani. Bahari ina siku zake. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa hauonekani kabisa, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji husuasua, hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo huitwa maji mafu. Si kwamba yameoza. Yamelala tu. Mtoto wa Mambrui anayajua maneno haya kabla hajajua kuvaa viatu.

Ukumbi wetu ulipata maji yake kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa ukingoni mwa mkono wa bahari unaoingia Kilifi. Bomba lililoleta maji kisimani lilikuwa limetegwa juu mno. Mkandarasi aliyelitega alipima siku ya bamvua, akaona maji yanapita juu yake vizuri, akakunja vyombo vyake akaondoka. Mimi sikuwa nimeajiriwa bado. Nilipoajiriwa nililiona kosa lile siku ya kwanza, nikalisema, nikaambiwa litarekebishwa awamu ijayo. Kwa hivyo nikaweka utaratibu wangu: siku za bamvua tunajaza tangi kubwa la akiba, siku za maji mafu hatubadilishi chochote, tunatumia akiba kidogo kidogo. Utaratibu huo ulikwenda vizuri, kwa kuwa aliyeushika nilikuwa mimi.

Mkuu wa idara alikuwa mama mmoja wa bara, daktari wa samaki wa maziwa na mito, mchapakazi asiyekaa kitini. Alikuwa amekaa nasi muhula mmoja tu. Mimi alikuwa akiniita Fundi, nami nilikuwa nikimwitikia, ingawa mara nyingine nilichelewa kidogo kuitikia.

Jioni ya kuamkia siku ya tume nilikuwa Malindi karakanani, nikitengeneza kipuri cha mashine ya hewa ya matangi. Daktari akanitumia ujumbe wa sauti.

"Fundi, habari ya jioni. Nimeangalia matangi, naona maji imekuwa kijani-kijani. Wageni wanakuja kesho mchana. Unaonaje, tubadilishe yote iwe safi ama tuache?"

Mikono yangu ilikuwa na grisi. Nilibonyeza simu kwa kifundo cha kidole nikajibu haraka: "Maji mafu, Daktari. Mafu kabisa. Kesho asubuhi nakuja."

Kwa mtu yeyote wa Malindi hilo ni jibu kamili. Umeuliza tubadilishe maji? Maji mafu. Maana yake ni thubutu. Nikaendelea na kazi yangu, nikala, nikalala usingizi wa mtu aliyejipanga.

Alfajiri simu ikalia. Ni binti yangu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

"Baba, matangi ni matupu."

"Matangi gani?"

"Yote. Na la akiba. Daktari ametuamsha tumsaidie kuosha, tumekuta yeye na mlinzi washafungua vali zote tangu jana magharibi. Anasema wewe ndiye uliyemwambia maji yamekufa."

Nilikaa kitandani. Nikamuuliza, "Samaki wako wapi?"

"Tumewaacha ndani ya tangi moja dogo, ndilo peke yake lenye maji. Wamebanana, baba. Wanapanda juu kuvuta hewa. Daktari ameenda kuwasha pampu, pampu inavuma tu."

"Mwambie aizime! Aizime sasa hivi, itaungua! Kisimani hamna kitu!"

"Nishamwambia. Analia, baba."

Mwezi ulikuwa nusu. Sikuhitaji kutazama nje kuujua. Maji yangejaa katikati ya asubuhi, lakini kujaa kwa maji mafu, chini ya mdomo wa lile bomba. Na tume ilikuwa imelala Malindi ile ile niliyolala mimi, katika hoteli moja karibu na ufuo. Asubuhi wangeanza na tawi letu la mjini, kisha waje Kilifi mchana. Yaani nilikuwa na muda wa wao kunywa chai, kukagua vyumba viwili vya madarasa, na kushuka na magari yao.

Nilikuwa na pampu. Pampu hiyo niliileta mwenyewe kutoka Ghuba ndani ya kontena, inatumia dizeli, ina tumbo la shaba lisiloliwa na chumvi, na sijaona nyingine kama hiyo kuanzia Lamu hadi Vanga. Kilichokosekana kilikuwa cha kubebea maji. Malori ya maji ya kunywa hayakufaa, yana dawa ya bomba ndani, ingewaua mwatiko wote kabla ya wageni kushuka. Nilihitaji matangi mapya ya plastiki yasiyowahi kuonja kitu. Na matangi hayo yalikuwa kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alizaliwa Malindi na Kiswahili chake kinawashinda Waswahili wengi. Nilimkuta akifungua mlango wa kwanza.

"Ahlan, sheikh wa pampu," alisema. "Leo umewahi kama mwenye deni."

"Bwana, nataka matangi matatu na lori lako. Nakwenda kuchota bahari."

Alinitazama, akaitazama pampu nyuma ya gari langu, akaona sicheki.

"Bahari ina kazi gani ndani ya matangi yangu?"

Nikamweleza kwa maneno machache: chuo, tume, binti. Alisikiliza huku akizungusha funguo kidoleni.

"Tangi likishaonja chumvi si jipya tena. Nitamuuzia nani?"

"Mimi. Nyumba yangu ina paa kubwa, wewe mwenyewe ulisema ni kubwa kupita haja."

"Nilisema ni kubwa kupita adabu," akajibu. Kisha akamwita dereva wake. "Mpakieni huyu. Na wewe, sheikh, nisikilize vizuri: lori likirudi na magurudumu yanayonuka samaki, nitakufunga mnyororo mlangoni uwe mlinzi wangu."

Dereva alikuwa mtu wa Jilore, mpole wa umbo na mkali wa mdomo. Tulifunga matangi kwa kamba, pampu ikawekwa katikati, tukatoka. Tulipopita karibu na tawi la chuo niliyaona magari meupe mawili ya tume yameshaegeshwa chini ya kivuli. Bwana mmoja mwenye miwani alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono nyuma, akisoma kibao cha chuo kwa makini kama anakitafutia kosa. Nilijikuta nimeinamisha kichwa.

"Unamwogopa nani?" dereva akauliza.

"Endesha."

Tulipofika Gede, kwenye tuta, kamba ikalegea. Tangi la nyuma likaruka, likabingirika kati ya barabara mbele ya maduka, boda boda wakatawanyika. Watu wa Gede hawana huruma asubuhi.

"Injinia! Unahamia wapi na choo chako?"

"Mwacheni, anaenda kuipigia bahari chanjo!"

Tulilikimbilia. Lilikuwa limepasuka ubavuni, ufa wa kuingia kidole. Dereva akashika kiuno. "La kwanza hilo limekwenda. Mulungu ametutoza njiani." Tukaliacha kwa mama mmoja muuza mihogo, na hadi leo liko kwake, limekuwa banda la kuku, nami sijalidai. Tukafunga upya mawili yaliyobaki. Nilikaza kila fundo mara mbili. Nilikuwa nikihesabu kichwani: matangi mawili, matangi ya ukumbi hayatajaa. Yatafika nusu. Nusu ingetosha samaki kuishi. Ingetosha tume? Sikujua.

Kilifi sikwenda chuoni kwanza. Nilikwenda kwenye kivuko cha zamani, pale magari yalipokuwa yakivuka kwa feri kabla daraja halijajengwa. Njia ya saruji inateremka hadi ndani ya maji, na pale maji ni marefu hata bahari ikilala vipi. Nilimpigia binti yangu nikamwambia alete darasa lake lote na magunia yoyote watakayoyapata, maana njia ile ina utelezi.

Dereva akarudisha lori kinyumenyume hadi magurudumu ya nyuma yakalowa. Niliitega pampu juu ya jiwe, nikatumbukiza mpira wa kuvutia, nikaiwasha. Ikakohoa mara moja, ikashika. Maji yakapanda ndani ya mpira, safi, mazito, yakianguka kwenye tangi kwa mlio ambao kwangu ni mtamu kuliko taarabu. Tangi la kwanza likajaa. La pili likajaa. Nikazima.

Dereva akaliwasha lori, akatia gia, na lori likarudi nyuma.

Saruji ilikuwa na ukoko wa kijani wa mwani, na sasa lori lilikuwa limebeba bahari. Magurudumu yalizunguka mahali pamoja, yakatupa tope, na lori likateleza kidogo tena kuelekea majini. Maji yalifika kwenye ekseli.

"Mulungu wangu!" dereva akapiga kelele dirishani. "Mzee wa duka ataniua, halafu atamwua mke wangu!"

"Usikanyage mafuta! Shika breki!"

"Nimeshika! Linashuka nimeshika!"

Nilikimbilia matangi. Ningeweza kuyamwaga maji, lori likapanda jepesi, na tukarudi tulikoanzia, na magari meupe yako njiani. Niliweka mkono kwenye vali ya tangi. Namwambia msomaji ukweli, nilianza kuizungusha.

Ndipo nikasikia miguu inashuka mteremko. Darasa zima, na makoti yao meupe ya maabara, maana walikuwa wameambiwa wayavae kwa ajili ya wageni. Wamebeba magunia ya chakula cha samaki kichwani. Mbele yao binti yangu, na nyuma kabisa, viatu mkononi, Daktari.

"Baba, usifungue!" binti yangu akapaza sauti. "Weka mkono wako mfukoni!"

Sijawahi kuambiwa hivyo na mtoto niliyemzaa. Niliutia mkono mfukoni.

Wakatandaza magunia mbele ya magurudumu, wengine wakayatoboa ili pumba za chakula zifyonze ute. Wakaingia majini nyuma ya lori hadi kiunoni, vijana na wasichana, bega kwa bega. Daktari akaingia pia, na sketi yake ya kitenge ya kupokelea wageni. Nami nikaingia.

"Harambee!" mmoja akaita.

"Hee!"

"Harambee!"

"Hee!"

Dereva akaachia breki akakanyaga. Magurudumu yakapasua magunia, yakashika. Lori likapanda taratibu, likinguruma, maji yakimwagika kwenye mifuniko na kutuangukia vichwani. Lilipofika juu dereva alishuka akalibusu boneti.

Tulisimama pale tumelowa, Daktari na mimi, mkabala. Alikuwa na macho mekundu.

"Fundi, ulisema maji imekufa. Nimesikiliza mara kumi. Mafu kabisa, ulisema."

"Nilisema mafu, Daktari. Maji mafu ni maji yasiyojaa. Nilikuwa nakukataza."

"Kwetu kitu ikikufa tunaitupa."

"Kwetu maji yakifa tunayangoja."

Aligeuka akakamua sketi. "Haya. Tuwapelekee samaki maji," akasema, na ukali wake ukawa umekwisha, au umeahirishwa.

Tulimimina maji yale ukumbini tukisikia kila gari linalopita langoni kama ni la tume. Matangi yakafika nusu, chini kidogo ya nusu. Binti yangu akapima chumvi, akapima joto, akaitikia kwa kichwa kuwa sawa. Wakawahamisha mwatiko kwa nyavu ndogo. Wengine walikuwa wamelala ubavu. Wachache hawakuamka, akawatoa akawafunika kwa koti lake, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Waliobaki walianza kuzunguka, kwanza mmoja mmoja, kisha wote kwa mwelekeo mmoja. Niliwasha mashine ya hewa kwa kile kipuri nilichokitengeneza jana yake. Ndipo magari meupe yakaingia.

Tume iliingia ukumbini na makamu mkuu wa chuo mbele. Alilitazama tangi, akanitazama mimi niliyekuwa nikidondosha maji sakafuni, akaendelea kutabasamu kwa nguvu. Yule bwana mwenye miwani alizunguka tangi la kwanza, la pili, la tatu. Akagusa ukuta wa ndani, juu ya usawa wa maji, pale palipokuwa bado na alama ya kijani ya mahali maji yalipokuwa yakifika.

"Maji yalikuwa hapa," alisema. "Sasa yako hapa. Kwa nini?"

Makamu mkuu alimtazama Daktari. Daktari alinitazama. Simu yake alikuwa ameishika mkononi, na ndani yake sauti yangu ikisema mafu kabisa. Angeweza kuibonyeza tu. Mimi nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nani aliyefungua vali. Tungetupiana hivyo, kama ndimu, na tume ingeandika, na kozi ingekufa mauti ya kweli.

"Kwa sababu maji ni mafu leo," akasema binti yangu.

Bwana yule akageuka. Binti yangu alikuwa hana koti, nywele zimemganda, na viatu vina tope la kivuko. Akamweleza. Bamvua, maji mafu, mwezi nusu. Akamweleza kuwa bomba limetegwa juu, kwa hiyo siku kama leo kisima hakipati kitu. Akasema kuwa jana maji yote yalimwagwa kwa kutoelewana neno moja, na leo wameyachota baharini kwa lori wenyewe, na baadhi ya samaki wamekufa, na anaweza kumwonyesha.

Makamu mkuu alifumba macho. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Mwanangu, nilisema moyoni, umewauza wenzako kwa ukweli.

"Nionyeshe," bwana yule akasema.

Hakutaka samaki peke yao. Alitaka kisima. Tulitembea wote hadi ukingoni, tukamfunulia kifuniko. Mdomo wa bomba ulikuwa juu, mkavu, na nje ya kisima maji ya bahari yamelala chini yake umbali wa mkono, yanameremeta, hayana haraka. Aliinama akayatazama kwa muda.

"Kwa hivyo masomo haya hutegemea bahari iwe na furaha," akasema.

Tume ikaenda kujifungia chumba cha mikutano. Darasa likakaa kwenye ngazi za maktaba, wamelowa na kukauka, chumvi imewachora ramani mikononi. Dereva wa lori naye hakuondoka, alikaa nao, akisema anataka kujua alichohatarishia roho yake. Daktari aliketi ngazi ya chini. Nilikaa kando yake, si karibu sana.

"Huyo msichana ni wako?" aliniuliza. Alijua. Alitaka tu kuliuliza.

"Wangu."

"Angekuwa wangu ningemchapa, kisha ningemnunulia soda."

Walipotoka, bwana wa miwani hakwenda kwa makamu mkuu. Alisimama mbele ya ngazi. Alisema mafunzo aliyoyaona yanatosha, kwa kuwa wanafunzi wanaijua bahari yao na hawaifichi. Lakini ukumbi hautoshi. Kibali cha kudumu kitatolewa bomba likishapata maji siku zote. Tume itarudi kuangalia bila kutoa taarifa. "Na tutakuja maji yakiwa mafu," akamalizia, akilitamka neno lile polepole kama mtu anayeonja pilipili.

Basi awamu ijayo ikawa wiki ile ile. Makamu mkuu alinipa watu na saruji, nami nikalishusha bomba. Nilishinda majini nikipima, si bamvua bali maji mafu yenyewe, yakipwa. Niliweka vali yangu ya mguu, ile inayozuia maji yasirudi, ya shaba, niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya nyumba yangu. Nasema bila haya: kazi ile hata Ghuba wangeipiga picha. Lakini kila mwezi ulipofika nusu sikulala vizuri. Darasa lilikuwa linakaribia mtihani wa mwisho na kibali hakikuwa mkononi. Binti yangu alikuwa akinipikia chai, akiiweka kando yangu na kurudi kwenye vitabu vyake.

Walirudi. Si wote, yule bwana wa miwani peke yake, na gari la kukodi, asubuhi ya maji mafu. Daktari aliponitumia ujumbe nilikuwa juu ya ngazi nikibadilisha taa. Aliongea kwa kunong'ona: "Fundi, amekuja. Na maji ni mafu. Ile mafu ya kwenu."

Nilishuka, nikawasha pampu mbele yake. Ikavuma. Ikavuma tu. Nilihisi binti yangu amesimama nyuma yangu. Nilikuwa naijua pampu ile, najua kwanza hutoa hewa kabla ya maji, lakini hewa ile ilikawia. Bwana wa miwani alikuwa akitazama mdomo wa bomba juu ya tangi. Bomba likakohoa hewa, likatema matone, likanyamaza. Kisha likaporomosha maji, mengi, yakarukia viatu vyake.

Hakurudi nyuma. Alikinga kidole, akakitia mdomoni.

"Chumvi," akasema.

Akamgeukia binti yangu akampa mkono.